Nakala ya Tatu

Binti ya Sajini Amosi alikuja dukani kwangu mwezi uliopita akiwa na wasifu wa baba yake kwenye simu. Alitaka nimchapie vijitabu vya mazishi, vya rangi, picha ya marehemu ikiwa mbele na kofia yake ya kazi kichwani. Hakunijua. Nilisoma mistari michache: afisa mwadilifu, rafiki wa mwananchi, mpelelezi aliyewamaliza wezi wa mifugo Kitengela. Mashine ilikuwa inanguruma nyuma yangu, inatema kadi za harusi ya watu wengine, lakini nilimtazama yule mama machoni, maana naye ni mtu mzima sasa, nikamwambia mashine imeharibika. Aliiangalia mashine, akaniangalia mimi, akasema asante madam, akavuka barabara kwenda kwa mshindani wangu. Sina kinyongo naye. Mtoto hachagui baba. Lakini tangu siku hiyo niko na hasira ambayo hailali. Tumefunzwa kwamba maiti hasemwi vibaya. Sawa, na alipokuwa hai nani alimsema? Tulinyamaza, tukamwamkia kwa mikono miwili. Basi nitamsema hapa. Ni habari za mwaka mmoja tu, nilipokuwa na miaka ishirini na miwili, na nikimaliza si yeye peke yake atakayekuwa ameaibika.

Mwaka ule niliajiriwa na Mama Mutindi, Mkamba wa Machakos aliyekuwa na duka la kuchapa barua na kupiga fotokopi, hatua chache kutoka kituo cha polisi. Nililala kwenye ploti ya mabati nyuma ya soko, mlango wa nne, wapangaji kumi na bomba moja. Chumbani nilikuwa na kitanda, stovu ya mafuta taa, ndoo mbili na pazia lililogawanya chumba kimoja kikawa viwili, kwa jina tu. Mvua ikinyesha, ule udongo mweusi ulishika viatu hadi nikafika kazini nikiwa nimerefuka. Kazi niliipenda. Niliipenda harufu ya karatasi ikitoka moto kwenye mashine, na niliupenda mwandiko wangu, ambao walimu walikuwa wameusifu hadi nikadhani ni tabia njema. Kituo kile hakikuwa na karatasi. Ukienda kuripoti, uliambiwa kwanza ununue fulskepu zako mwenyewe, na ukishaandika, ukapige nakala kwetu, kwa sababu mashine ya kituo ilikuwa imeharibika tangu iletwe. Wasiojua kuandika, Sajini Amosi aliwatuma kwangu moja kwa moja. “Nenda kwa yule msichana wa Mama Mutindi,” alikuwa akiwaambia, “ako na mwandiko mzuri. Akimaliza urudi uweke kidole hapa mbele yangu.” Halafu kila mara agizo lilikuwa lile lile: nakala tatu. Moja ya faili, moja ya korti, moja ya ofisi. Sikujiuliza hiyo ofisi ilikuwa ipi, ilhali faili nayo ilikaa ofisini.

Na kulikuwa na ramani. Hatukuwa na majina ya barabara wala namba za nyumba, kwa hivyo mwisho wa kila taarifa ulichora njia ya kufika kwako kutoka lami: kanisa, tangi la maji, duka la nani, kona ya ngapi. Watu wengi walichora vitu visivyoeleweka. Mimi nilichora mpaka milango. Sajini alizisifu mbele ya watu, akasema hata kipofu angefika kwa ramani ya Rispa, nami nikatembea siku nzima nimeinua shingo. Alikuwa mtu nadhifu, mpole wa sauti, aliyemuuliza Mama Mutindi habari za goti lake kila akipita. Laiti angekuwa mtu wa kufoka, pengine ningemwogopa mapema.

Nyuma ya duka letu kulikuwa na hoteli ya mabati nilikokula chakula cha mchana, chapati na maharagwe, siku za mwisho wa mwezi matumbo. Maziwa ya hoteli ile yaliletwa na Mama Sianoi, mjane wa Kimasai kutoka upande wa Kisaju. Alifika asubuhi na jerikeni lake, na kabla hajaingia jikoni alisimama kwenye dirisha letu, akanisalimu kwa Kimasai, “Takwenya, entito!”, yaani hujambo, msichana. Nami nikajibu, “Iko!” kama alivyonifunza, yeye akacheka matamshi yangu ya mtu wa magharibi ya nchi. Nilimwita Yeyo, mama, na hakuwa mama wa heshima tu. Nilipougua malaria alinimiminia maziwa kwenye kifuniko cha jerikeni asubuhi tano mfululizo, akasimama pale mpaka nimalize. Nyumbani aliishi na binti yake Sianoi, aliyekuwa rika langu, na mama mkwe asiyeona.

Jumanne moja alikuja bila jerikeni. Ng'ombe wake saba walikuwa wameibwa siku nne kabla, lakini hilo silo lililomleta. Asubuhi hiyo alikuwa amepita nyuma ya kichinjio kimoja cha mtu binafsi, akaona ngozi zimetandazwa zikauke, akasimama. “Nimeona Narok,” akaniambia, akimtaja ng'ombe wake mweusi. “Ngozi yake. Sikio imekatwa hivi, na hapa kwa paja iko na moto ya bwana yangu. Hiyo alama hakuna mtu mwingine iko nayo.” Aliichora kwa kidole juu ya kaunta. Kisha akamtaja mwenye lori lililokuwa limesimama pale, na Mama Mutindi akaacha kuchapa. Ni mtu aliyejulikana mji mzima kwa jina la Mwenyekiti, kwa kuwa aliongoza wafanyabiashara wa mifugo sokoni. Alitoa mchango wa kwanza katika kila harambee. Tena lilijulikana jambo la pili, ingawa lilisemwa kwa sauti ya chini: Mwenyekiti alikuwa mtoa habari wa polisi. Alikuwa akiwapa majina ya wezi. Tulidhani hilo ni jambo jema.

Mama Sianoi hakutaka kwenda kituoni. Shemeji yake alikuwa amemwambia angoje wazee wakutane, kwa sababu kwao mambo ya ng'ombe huanzia kwenye kikao, watu wakae chini, alama isomwe, mwizi aitwe kwa jina la ukoo wake na atozwe. Mimi ndiye niliyemsukuma. Nilimwambia wazee hawana pingu. Nilimwambia serikali ipo. Msichana wa miaka ishirini na miwili, mwenye cheti cha kuchapa, nikimfundisha mwanamke aliyezika mume na kuchunga ng'ombe kwenye kiangazi jinsi dunia inavyokwenda! Akaniangalia muda, akasema, “Haya, wewe ndiyo umesoma.” Nikaandika taarifa yake kurasa mbili, kila neno mahali pake. Nikachora barabara ya Namanga, kanisa la mabati, tangi la maji, kisha njia ya ng'ombe inayopita kati ya mawe mawili meupe hadi langoni. Sajini alipenda kujua nani anakaa nyumbani, eti kwa ajili ya mashahidi, kwa hivyo nikaandika chini: wanawake watatu, mmoja haoni, mwanamume hakuna. Na kwa kuwa polisi wangekuja kuliona boma, na sikutaka waumwe, nikaongeza pembeni: mbwa mmoja, mzee.

Nakala tatu.

Alhamisi mchana nilikwenda hotelini nikaketi mahali pangu, nyuma ya ukuta wa mbao uliotenga meza za wakubwa. Ukuta ule ulikuwa na nyufa, na harufu ya nyama ya kukaanga ilipita humo hadi kwetu sisi wa maharagwe. Nilisikia sauti ya Sajini nikafurahi, nikataka hata kusimama nimsalimu. Nikachungulia kwanza. Alikuwa na Mwenyekiti, sahani moja ya nyama katikati yao, na kando ya sahani kulikuwa na karatasi yangu. Kikombe cha chai kilikuwa juu ya kanisa la mabati.

“Huyu mama ako na mdomo,” Mwenyekiti alisema.

“Mdomo si shida. Shida ni macho. Ameona ngozi.”

“Kwake hakuna mwanaume?”

“Si usome hapo chini. Imeandikwa.”

Mwenyekiti akasoma huku anatafuna. “Mbwa mmoja, mzee,” akasema, akacheka hadi akakohoa. “Huyu msichana wako ni mzuri, bwana. Nipatie hii wiki nimalizane na yeye.”

“Na mimi nitapata nini? Mkubwa hapo Kajiado ananisumbua kila siku. Anataka watu ndani.”

“Nitakupatia vijana wawili. Wametoka Ewuaso Kedong juzi, wanatafuta kazi ya kuchunga. Hapa hakuna mtu anawajua. Kamba na kisu utawawekea mwenyewe.”

“Wasiwe watoto wa shule,” Sajini akasema kwa ile sauti yake ya upole. “Hao huwa wanalia kortini.”

Hivyo ndivyo biashara ilivyokwenda, na nikiielewa leo ninavyoielewa, natamani kuvunja kitu. Mwenyekiti aliiba, na Sajini akamlinda. Ili Sajini aonekane anafanya kazi, Mwenyekiti alimkabidhi maskini wa kufungwa. Na ili Mwenyekiti aibe kwa raha, Sajini alimpa jina la kila aliyethubutu kulalamika, pamoja na njia ya kufika kwake. Watu husema polisi na mwizi ni paka na panya. Nimewaona wakila sahani moja. Na karatasi iliyokuwa katikati yao niliiandika mimi, niliipiga nakala mimi, labda kwa miezi yote ile nilikuwa nikiwachorea. Ni nyumba ngapi? Sijui. Nimejaribu kuzihesabu usiku nikiwa macho na siwezi, kwa sababu sikuwa nikisoma, nilikuwa nikijivunia mwandiko. Kikulacho ki nguoni mwako, lakini hakuna aliyeniambia kwamba naweza kuwa mimi ndiye nguo.

Nilirudi dukani nikamweleza Mama Mutindi. Alifunga dirisha. “Rispa,” akasema, “sisi tunapiga fotokopi. Hatusomi.” Nikamwambia watamuua. “Zimwi likujualo halikuli likakwisha,” akanijibu. “Hawa wanatujua. Nyamaza, utamwambia kesho akileta maziwa.” Kisha akanipa mitihani ya shule moja niichape, mafungu kwa mafungu, na mimi nikaichapa. Kisaju si mbali. Ningepanda gari pale stejini ningefika jua likiwa juu, ningeuliza kanisa la mabati, maana njia nilikuwa naijua kuliko mtu yeyote. Badala yake nilijiambia kesho. Wiki ina siku saba, nilijiambia, na leo ni Alhamisi tu.

Ijumaa maziwa hayakuja. Wenye hoteli walitupikia chai ya rangi, wakalalamika kwamba mama amewaharibia biashara. Saa nne kondakta wa gari la Namanga akaleta habari: wezi walifika kwa mama alfajiri, wakampiga, wakafagia ng'ombe wote waliobaki hadi ndama, wakachoma nyumba, na Sianoi alimtoa nyanya yake kwa kumburuta kwa shuka. Kufikia saa nane Sajini Amosi alikuwa ameshawakamata wezi. Vijana wawili. Walipitishwa mbele ya duka letu wamefungwa kwa kamba moja, mmoja hana kiatu, na watu wakapiga makofi. Sajini aliponiona dirishani aliniinulia mkono.

Jumapili nilikwenda kumwona Mama Sianoi hospitalini Kajiado. Mkono wake wa kushoto ulikuwa kwenye plasta na taya limevimba, anazungumza kwa upande mmoja wa mdomo. Sianoi alikuwa ameketi miguuni pake na chupa ya uji. Nilianza kulia kabla sijafika kitandani. Mama Sianoi alinishika kidole kimoja, kama unavyomshika mtoto mnapovuka barabara.

“Entito, ile ramani ulichora vizuri,” akasema. “Hawakuuliza mtu njia.”

Nikamuuliza amejuaje ni yangu.

“Walikuwa nayo kwa mkono, wanamulika na tochi. Mimi sijui kusoma. Lakini hiyo kanisa najua ni wewe umechora.”

Alisema bila ubaya, na hilo ndilo lililonikata. Angenitukana ningepumua. Kisha akasema jambo alilokuwa amelihifadhi: wale waliompiga aliwajua, ni watu wa lori la Mwenyekiti, na wale vijana wawili hakuwahi kuwaona hata siku moja. “Hao ni watoto wa watu. Watafungwa na hawajafanya kitu. Wewe ulisikia nini, Rispa? Macho yako inaniambia ulisikia.” Nikamwambia yote, hata yale mafungu ya mitihani. Sianoi alisimama akaenda dirishani akanipa mgongo. “Basi,” Mama Sianoi akasema hatimaye, “enda uambie mkubwa wao. Hiyo ndiyo dawa yangu. Hii ingine wananipatia hapa ni ya mkono tu.”

Kesho yake niliomba ruhusa nikarudi Kajiado, kwenye ofisi ya wakubwa. Nilipokelewa na mzee mwenye miwani, aliyefunga mlango akaagiza chai. Alinisikiliza bila kunikatiza. Alitikisa kichwa kwa huzuni nilipofika kwa vijana wawili. Nilimwona kama baba. “Andika yote, binti yangu,” akasema, akanipa fulskepu, na yeye alikuwa nazo nyingi. “Usiogope. Halafu uchore mahali unakaa, tukikuhitaji tukupate.” Na mimi nikachora. Mungu anisamehe ujinga, nilichora soko, ploti, bomba, mlango wa nne, na mkono wangu ukafurahia mistari ikinyooka. Nilirudi Kitengela nimekaa wima kwenye kiti, nikijiona shujaa.

Alhamisi, kabla ya chai ya saa nne, Sajini Amosi aliingia dukani. Alimuuliza Mama Mutindi habari za goti. Akaweka karatasi kwenye kaunta, zimelala kifudifudi, akasema, “Tatu, Rispa.” Nilizigeuza. Ulikuwa mwandiko wangu, taarifa yangu, jina langu juu. Mtu alikuwa amepigia mstari mwekundu mlango wa nne. Niliinua macho. Alikuwa ananitazama kwa upole, kama mtu anayengoja huduma na hana haraka. Mama Mutindi aligeukia ukutani. Na mimi, ninayejidai leo kuwa na hasira, nilifungua kifuniko cha mashine, nikalaza ukurasa, nikabonyeza. Sikurarua. Sikupiga kelele. Nikabonyeza tena, na tena, nikazipanga, nikazigonga kwenye kaunta zilingane, kwa sababu ndivyo nilivyozoea. Alichukua zake mbili na ile ya asili. Ya tatu akaisukuma kwangu kwa kidole.

“Hii ya ofisi ukae nayo wewe,” akasema. “Mwenyekiti bado sijampatia.”

Ilitosha. Nilihama ploti wiki ile ile, ingawa alijua nilipohamia kabla sijafungua mabegi, alinisalimia akiwa ng'ambo ya barabara. Niliendelea kumpigia nakala. Nilipoandikia watu taarifa nilichora ramani mbaya makusudi, mawe mahali pasipo mawe, na huo ndio ushujaa wote nilioumudu. Mama Sianoi alipotoka hospitalini, kaka yake alimchukua kwake Kimana akakae kwenye mashamba ya vitunguu, yeye aliyekuwa na ng'ombe, akipalilia kwa mkono mmoja. Sianoi alikuja dukani mara moja kuniletea salamu. Hakuketi. “Mama amesema siku ya kesi atatoka Kimana aje aseme si wao,” akaniambia. “Lakini watasema hakuwaona vizuri, watamwambia ilikuwa giza. Wewe ndiyo ulisikia wakiuzwa. Mama anasema ukuje usimame na yeye.” Nikamwambia nitakuja. Nilimwambia kwa mdomo wangu, nikamshika mkono.

Siku ya kesi nilivaa nguo ya kanisani. Nilifika hadi stejini, gari la Kajiado likiwa limefungua mlango, na ng'ambo ya barabara Sajini alikuwa anapigwa viatu rangi. Hakufanya lolote. Aliinua tu gazeti kunisalimia. Nikageuka nikaenda kazini.

Miaka mingi baadaye Sianoi alinisimulia, tulipokutana sokoni Kisaju, mama yake akiwa ameshazikwa. Mama Sianoi alisimama kortini akasema vijana wale si waliompiga, akaulizwa kama hakupigwa kichwani, akasema alipigwa, na ikawa basi. Ikaulizwa kama kuna shahidi mwingine. Yeye akageuka kuutazama mlango. Waliwasomea vijana kifungo chao, na yeye bado ameutazama mlango, na mara mbili akamuuliza Sianoi kama magari ya Kitengela yamechelewa.

Hayakuwa yamechelewa.